Kupunguza Mafuta ya Mwili Bila Kukonda: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Tanga

Mtu aliyepungua uzito hapa Tanga hapongezwi kwanza. Huulizwa kama ameumwa. Jirani humtazama mashavu, shangazi huuliza kama nyumbani kuna neno, na anayempenda kwa dhati humpakulia wali mara mbili ya kawaida. Ndiyo maana watu wengi wenye kitambi, ambao wameshaambiwa kliniki kuwa kiuno chao kimezidi, huogopa kuanza safari ya kupunguza mafuta, kwa sababu wanadhani safari hiyo lazima ipitie kwenye kukonda. Haipiti huko kwa lazima. Mwili unaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja, uzito kwenye mizani ukabaki pale pale, na uso ukaendelea kuwa na nuru yake.

Niliifanya kazi hii mwenyewe kwa miezi mitano. Nilianza na kilo 74 na nikamaliza na kilo 74, ila kiuno kilitoka sentimita 97 hadi 92. Mizani ya nyumbani haikuniambia lolote katika kipindi chote hicho. Aliyegundua mabadiliko ni fundi wangu wa cherehani wa Ngamiani, nilipompelekea suruali aibane.

Kinachotokea ndani ya mwili

Mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mifupa, maji, misuli, mafuta na chakula cha jana. Haiwezi kutofautisha kilo moja ya mafuta na kilo moja ya misuli, ingawa vitu hivi viwili havichukui nafasi sawa. Lita moja ya mafuta ya mwili ina uzito wa takriban gramu 900, na lita moja ya misuli takriban gramu 1,060. Kwa hiyo kilo ya mafuta hujaza nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 18. Zaidi ya hapo, mafuta ya wengi wetu yamerundikana tumboni, ilhali misuli mipya husambaa mapajani, mgongoni, kifuani na mabegani. Anayebadilisha kilo tatu za mafuta kwa kilo tatu za misuli hana badiliko lolote kwenye mizani, lakini suruali yake inalegea kiunoni na kubana mapajani.

Ushahidi kwamba mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja upo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha utafiti wa vijana 40 wa kiume waliokuwa na uzito uliozidi. Kwa wiki nne vijana hao walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao na wakafanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta, na tishu zao zisizo mafuta, hasa misuli, zikaongezeka kilo 1.2. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta na kuongeza karibu na sifuri. Vijana wale walikuwa wanapunguza uzito. Sisi hatutaki uzito upungue, kwa hiyo hatutapunguza chakula kiasi hicho. Tutachukua funzo la protini na la mazoezi ya nguvu, tuiache njaa.

Njia hii huwafaa zaidi wanaoanza mazoezi ya nguvu kwa mara ya kwanza, walioyaacha kwa miaka, na wale wembamba wa mikono na miguu wenye tumbo lililotokeza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari kabla ya kuanza, kwa sababu mazoezi huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri wa daktari wake, na mjamzito angoje kwanza. Mwenye presha iliyo juu naye apimwe kabla ya kunyanyua chochote kizito.

Hatua ya kwanza: kata uzi

Chukua uzi wa katani au kamba yoyote isiyovutika, simama wima bila viatu ukiegemea ukuta, na mwenzako aukate kwa urefu wa kimo chako kamili. Ukunje katikati sawasawa ubaki nusu ya urefu wake, kisha uzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya kimo, na hicho ni kiwango kizuri. Zisipokutana, pengo unaloliona ndiyo kazi iliyo mbele yako. Kipimo hiki kinamfaa hata asiyetaka kushughulika na namba.

Anayetaka namba anunue futikamba ya fundi cherehani. Mahali sahihi pa kupima ni katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, yaani chini ya kitambi, na hivyo hujidanganya kwa miaka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Jipime kiuno mara moja kila wiki mbili, asubuhi kabla ya chai. Uzito upime siku tatu kwa wiki, baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kisha utafute wastani wake. Uzito wa siku moja hauna maana kubwa, kwa kuwa mlo wenye chumvi nyingi, wali wa shughuli au siku za mwezi kwa mwanamke huweza kuongeza kilo nzima ya maji yatakayoondoka yenyewe.

Hatua ya pili: hamisha nishati, usiipunguze

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kufuta wali kabisa, kula matango kwa wiki mbili na kuishia kulala na njaa. Kinachotakiwa ni kuondoa nishati mahali isipojenga kitu na kuiweka mahali inapojenga.

Tufanye hesabu ya siku moja. Mtu anakunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu 4, kwa hiyo vijiko tisa ni gramu 36, sawa na kilokalori 144. (Nasema kijiko kilichosawazishwa kwa heshima tu, maana kijiko cha sukari cha Tanga huwa na mlima juu yake.) Tuseme pia kwamba kwenye vitumbua, samaki wa kukaanga na mchuzi wa siku hiyo, sehemu yake ya mafuta ya kupikia imezidi kwa vijiko vikubwa viwili. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kilokalori 120, kwa hiyo viwili ni 240. Jumla ni karibu kilokalori 384, na ndani yake hamna protini hata chembe.

Sasa tuondoe hizo na mahali pake tuweke mayai mawili ya kuchemsha, yenye kilokalori 140 hivi. Glasi ya mtindi usio na sukari, kilokalori 150. Na kipande cha samaki wa kuchoma cha gramu 80, kilokalori 90. Jumla ni 380. Nishati ni ile ile, uzito hauna sababu ya kushuka, lakini mwili umepokea karibu gramu 38 za protini ambazo jana haukuzipata. Ukiongeza mazoezi ya nguvu juu ya badiliko hilo, mwili unapata vifaa vya kujengea misuli, na nishati inayopungukia ujenzi huo huchotwa kwenye akiba ya mafuta.

Kwa upande wa nazi, sioni sababu ya kuifukuza jikoni. Lakini kasimile ina mafuta mengi sana kwa ujazo wake, na mlo mmoja wa Tanga huweza kuwa na nazi kwenye wali, kwenye samaki wa kupaka na kwenye mchicha kwa pamoja. Chagua sufuria moja itakayopata kasimile. Nyingine zipikwe kwa tui jepesi au bila tui. Machungwa nayo, ambayo msimu wa Muheza hutuletea kwa magunia, yaliwe kwa nyama zake badala ya kukamuliwa, kwa sababu glasi moja ya juisi humeza machungwa matatu au manne ambayo hungeweza kuyala yote kwa mara moja.

Hatua ya tatu: gawa protini katika siku nzima

Lengo linalotosha kwa wengi ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 112 kwa siku. Mwenye uzito uliozidi sana asitumie uzito wake wote kwenye hesabu hii; achukue kimo chake kwa sentimita na kuondoa 100, na namba inayobaki aitumie kama kilo zake.

Gramu 112 zinaonekana nyingi mpaka uzipange. Asubuhi mayai mawili (12), glasi ya maziwa (8) na nusu kikombe cha mbaazi za nazi (6). Mchana kipande kizuri cha samaki cha gramu 150 baada ya kupikwa (zaidi ya 30) na nusu kikombe cha maharage (7). Jioni glasi ya mtindi (8) na karanga za kujaa kiganja (7). Usiku kuku au pweza wa gramu 100 (zaidi ya 25). Hapo umeshavuka 100, na wali, ugali au mkate wa siku hiyo hujazia zilizobaki bila wewe kuhangaika.

Gharama ndiyo malalamiko ya kwanza ninayoyasikia, na yana haki. Jibu langu huwa ni dagaa. Dagaa wakavu waliokaushwa vizuri bila chumvi wana protini inayofikia nusu ya uzito wao au zaidi, na kiganja kimoja hugeuza mlo mzima wa ugali. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu dagaa huadimika. Anayejua hununua wakati wa giza na kuweka akiba kwenye ndoo yenye mfuniko. Kibua naye huwa na bei nafuu kuliko changu au kolekole na hapungukiwi kitu kwa lishe. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki kupanda bei, egemea kunde, choroko, mbaazi na mayai. Tahadhari yangu moja ni ng'onda: ni mtamu, lakini chumvi yake haimfai mwenye presha.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani, kama vile matembele, kisamvu, mchicha au kabichi inayoshuka kutoka Lushoto. Robo iwe kitoweo, na robo wali au ugali. Upime wali kwa upawa wa nyumbani kwako mwenyewe, ule ule kila siku, ili ukihitaji kuongeza au kupunguza baadaye ujue unapunguza nini.

Hatua ya nne: nyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki

Bila hatua hii, protini yote iliyotajwa itakuwa chakula kizuri tu. Misuli hujengwa inapodaiwa kazi iliyo nzito kuliko iliyozoea, na mzigo huo lazima uongezeke kidogo kidogo. Anayeweza kulipia jimu aende. Asiyeweza ana dumu, na kwa maoni yangu dumu ni kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa madukani, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja na unaweza kuongeza mzigo kwa kopo. Maji yenyewe hayapotei, ukimaliza, yaoge.

Fanya siku tatu zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alfajiri baada ya swala au jioni baada ya Alasiri, kwani unyevu na joto la pwani saa sita mchana havina msamaha. Pasha mwili kwa dakika tano za kutembea haraka, kisha fuata mpangilio huu.

Anza na kuchuchumaa. Weka stuli nyuma yako, shuka taratibu mpaka makalio yaiguse, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la lita 5 kifuani. Fuatia kunyanyua dumu kutoka chini: liweke katikati ya miguu, kunja magoti kidogo na peleka makalio nyuma kama mtu mwenye mikono iliyojaa mizigo anayesukuma mlango kwa nyuma. Mgongo ubaki umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho, na nguvu itoke kwenye nyonga. Mgongo ukipinda, mzigo ni mzito, mwaga maji.

Zoezi la tatu ni pushapu, na kwa anayeanza nyumba ya Kiswahili ina kifaa chake tayari: baraza. Weka viganja kwenye ukingo wa baraza, mwili unyooke kutoka kisigino hadi kisogo, shusha kifua mpaka ukingoni na ujisukume. Utakapoweza kufanya kumi na mbili bila kutetemeka, shuka kwenye kitu kifupi zaidi, na mwishowe sakafuni. La nne ni kuvuta: egemeza mkono mmoja kwenye kiti, inama, na kwa mkono wa pili vuta dumu kuelekea kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. La mwisho ni kubeba dumu mbili, moja kila mkono, na kutembea uani mita 20 au 30 ukiwa wima, kama walivyokuwa wakifanya mama zetu bila kuliita zoezi.

Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12 kwa seti, yaani mkupuo mmoja bila kupumzika, ukiondoa la kubeba, na kati ya seti na seti pumzika dakika mbili. Wiki mbili za kwanza fanya seti mbili, kisha tatu. Seti iishe ukiwa unahisi ungeweza kurudia mara mbili tu zaidi. Ukimaliza kwa urahisi na mazungumzo, hujafanya kitu. Siku utakayofikisha 12 katika seti zote, ongeza lita moja au mbili mazoezi yanayofuata, na uandike kwenye daftari. Usizuie pumzi wakati wa kunyanyua, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Toa pumzi unaposukuma au kuinuka. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha mara moja na kwenda kupimwa.

Utaona sijataja kujikunja tumbo mara mia. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli ya tumbo, lakini mafuta yaliyo juu yake hayachomwi kwa kuchaguliwa; mwili hutoa akiba mahali unapotaka wenyewe. Mikanda ya kubana na kukimbia ukiwa umevaa nailoni hutoa jasho, yaani maji, na chai nyingi za kupunguza tumbo ni dawa za kuharisha zilizopewa jina zuri.

Kutembea na baiskeli

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Dakika 30 za kutembea kwa haraka siku tano zinatosha, na ufuko wa Raskazone wakati wa magharibi hauhitaji kusifiwa. Mji wetu ni tambarare na umejaa baiskeli, jambo zuri, ila anayesema kwamba baiskeli yake ya kila siku inatosha ajue kuwa mwili umeshaizoea. Baiskeli husaidia moyo. Haitachukua nafasi ya dumu.

Usingizi

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha watu kumi wenye uzito uliozidi waliokula chakula kile kile cha kupunguza uzito, mara moja wakiwa na nafasi ya kulala saa nane na nusu na mara nyingine saa tano na nusu. Uzito uliopungua ulifanana, lakini walipolala kidogo mafuta waliyopoteza yalipungua kwa asilimia 55, na sehemu kubwa ya uzito ulioondoka ikawa tishu zisizo mafuta. Lala saa saba au zaidi.

Mwezi wa Ramadhani

Usisimamishe mpango, ubadilishe saa. Mazoezi ya nguvu yafanywe baada ya Tarawehe, au nusu saa kabla ya futari yakiwa mepesi, seti mbili badala ya tatu, kwani lengo la mwezi huu ni kulinda misuli iliyopatikana. Futari ya Tanga huelemea upande wa wanga na sukari: viazi vya nazi, mihogo, tambi, kaimati. Kula, lakini anza na tende, maji na supu ya samaki au ya pweza, kisha kitoweo, na hizo nyingine zije mwisho tumbo likiwa limeshatulia. Daku isiwe ubwabwa mtupu. Mayai, maharage na mtindi hukaa tumboni muda mrefu zaidi.

Kusoma vipimo na kurekebisha

Baada ya wiki nne linganisha wastani wa uzito na kiuno. Uzito ukibaki na kiuno kikipungua, usiguse chochote. Uzito ukipanda kidogo huku kiuno kikibaki au kupungua, hayo huenda ni misuli na maji yake, endelea. Uzito na kiuno vikipanda pamoja, punguza nusu upawa wa wali kila mlo na uchunguze mafuta ya kupikia, maana hapo ndipo mwizi hujificha. Uzito ukishuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki, wiki mbili mfululizo, ongeza nusu upawa au kiganja cha karanga. Vyote viwili visipobadilika kabisa, fungua daftari la mazoezi kabla ya kulaumu chakula. Mara nyingi utakuta dumu lina maji yale yale ya mwezi uliopita.

Jipe wiki 12 kabla ya kutoa hukumu. Katika muda huo usimruhusu fundi akate kitambaa cha suruali yoyote: mwambie akunje kiunoni na kushona kwa nyuzi ndefu zinazofumulika, kwa sababu kiuno bado kinashuka, na mapajani atahitaji kuachia badala ya kubana.